Mwaka wa Mtumbwi Mwembamba

Neema alikuja kwangu Majengo Jumamosi moja baada ya adhuhuri, amevaa gauni la kitenge, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, maana alikuwa ametoka moja kwa moja Chimwaga, anakofanya kazi katika maktaba ya chuo. Sikumtambua. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama mkubwa," nami nikaitikia marahaba nikidhani amekuja kuulizia chumba cha kupanga. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo na sikuinua hata uso. Ndipo akasema, "Samahani, wewe ndiye Mwajuma aliyekuwa na mtumbwi kule Mtera pamoja na mama yangu? Mama yangu Sechelela?" Nikauweka ungo chini. Nilimtazama vidole, kisha paji la uso, na pale kwenye paji la uso nikamwona mama yake.

Alikunywa chai yangu, akala maandazi mawili, akanieleza kwamba amewauliza wauza samaki wa sokoni kwa wiki tatu mpaka akampata mama mmoja mzee anayenikumbuka. Hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Bibi yangu bado yu hai. Kila nikimuuliza mama alikufaje, jibu ni moja tu: mama yako alikuwa mzembe, aliyafungua madumu ya mtumbwini kwa mikono yake akaingia majini bila kitu. Nimesikia hivyo tangu nasoma darasa la kwanza. Sasa nimeuzidi umri aliokuwa nao alipokufa, na mimi nina watoto. Nataka kujua ni uzembe wa namna gani unaomfanya mtu amwache mtoto wa miaka mitano." Nilimwambia arudi Jumamosi inayofuata, nikasingizia kichwa kinauma. Aliniaga kwa adabu, akaondoka na bodaboda, nami nikabaki na ule mchele mpaka magharibi. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapitia moyoni wiki ile, siku baada ya siku, nikijiandaa kwa jambo ambalo ningepaswa kulifanya zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, wapo ndugu zangu wanaozijua vizuri kuliko mimi. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeachika, sina mtoto, na nimepanga chumba kimoja humu humu Majengo, chumba chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na sabuni tatu na chumvi ya mawe, ghafla yalijaa vitu mpaka barazani: redio, vitambaa, sufuria zinazong'aa, viatu vya plastiki vya kila rangi. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu na serikali inapunguza watu, na kila aliyepunguzwa aliingia kwenye biashara. Mimi niliingia kwenye samaki. Nilipanda malori ya Iringa hadi Mtera, nikanunua perege na kambale waliokaushwa, nikarudi nao kuwauza sokoni. Chumba changu kilinuka moshi na samaki kiasi kwamba shangazi yangu alikuwa akija kunisalimia anakaa nje.

Sechelela nilimkuta huko Mtera, kwenye kambi ya wavuvi, akikausha samaki juu ya chanja alilolijenga mwenyewe kwa miti ya porini. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mkimya mbele ya wageni na mcheshi mno akishakuzoea. Mume wake alikuwa amekwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, na barua zake zilikuwa zimekoma. Aliishi na mama yake na mtoto wake kwenye tembe la familia, mwendo wa nusu saa kutoka majini, na siku ya kwanza nilipokosa lori la kurudi alinichukua nikalale kwao. Nalikumbuka lile tembe kuliko nyumba nyingi nilizoishi: paa la udongo lililokaa chini hata nikainamisha kichwa, giza zuri la ndani wakati nje jua linaunguza, ngozi ya ng'ombe ya kulalia, na vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mimi mtu wa mjini nilikuwa nauvuta ule mlenda unaning'inia kutoka mkononi hadi kwenye bakuli, na mama yake, ambaye wote tulimwita Mama Sechelela, akacheka mpaka akafuta machozi. Kuanzia hapo sikulala tena kambini.

Kule kambini wenye mitumbwi walikuwa wanaume waliotoka mbali, kwenye maziwa makubwa, na wao ndio waliochagua mwanamke gani auziwe samaki wazuri na yupi aachiwe mabaki. Masharti yao yalijulikana, na si yote yalihusu bei. Siku moja tulikuwa tumekaa nyuma ya kibanda cha chai, tumetenganishwa na wanaume kwa ukuta wa matete tu, tukawasikia wakitujadili kana kwamba sisi ndio samaki tuliomwagwa ufukweni asubuhi ile. Mmoja alisema huyu mrefu wa hapa ana kiburi, lakini njaa itamshusha. Sechelela alimaliza chai yake polepole. Tulipofika mbali kidogo aliipiga beseni yake teke ikaviringika hadi kwenye maji. "Dada Mwaju," akasema, "tununue wa kwetu." Nikamuuliza wetu nini. "Mtumbwi. Nitavua mwenyewe, wewe utauza." Nikamwambia hajui hata kuogelea. Akasema, "Na wao walizaliwa wanajua?"

Mtengeneza mitumbwi pale alikuwa Fundi Osmundi, kijana wa kutoka Nyasa, hajafika miaka thelathini na mitano, aliyeongea kama mtu aliyechelewa safari. Tulipofika kwenye uwanja wake hakucheka, na kwa hilo nilimpenda tangu siku ile. "Mnataka mtumbwi wa nini?" akauliza. Nikasema wa kuvulia. "Kila mtu ananiambia wa kuvulia. Nauliza mnavua samaki gani, mnavulia sehemu gani, mnabeba nini, na mkifika nchi kavu nani anaubeba." Akaanza kutufundisha kuuliza. Alikuwa na mitumbwi mitatu. Wa kwanza ulichongwa kwenye gogo moja, mzito, umeanza ufa kwenye tako, wa kukokotwa na watu wanne. Wa pili ulikuwa wa mbao, mpana, wenye nafasi ya watu watatu na samaki wao. Wa tatu ulikuwa kitu ambacho sijapata kukiona: mwembamba, mfupi, umekaa chini, na kafi lake lilikuwa na bapa pande zote mbili. Alitueleza kwamba mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuja kukagua mitambo ya bwawa alikuwa na kimtumbwi cha plastiki cha rangi ya chungwa, akikitumia kuvua kwa ndoano kila Jumapili, peke yake, na kwamba yeye Osmundi alikipima kwa shubiri siku mwenyewe alipokuwa anakula chini ya turubai. Akautengeneza mfano wake kwa mbao nyepesi ili aone kama utaelea. Ulielea. Lakini mwaka mzima hakuna aliyeununua, na wavuvi waliubatiza jina la Mwiko. Wengine walikuwa na maana ya mwiko wa ugali, wengine ule mwiko mwingine.

Alichora kwenye mchanga kwa kijiti umbo la mtumbwi mpana, akachora na la mwembamba kando yake, akatuambia tukae ndani ya michoro. "Haya, vuta wavu." Tukainama, tukanyoosha mikono, tukavuta hewa. Alizunguka akitazama viuno vyetu vilivyovuka mstari. "Hapo umekufa," akaniambia. Kisha akamgeukia Sechelela. "Wewe umekaa vizuri. Magoti yako yanajua kazi." Sechelela alitaka ule mpana. Alisema akiwa ndani ya chombo anataka ajione amekaa, si kuning'inia. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi. Nilimuuliza ule mpana tutaukokota na nani, tukimwomba mwanaume si tumerudi kule kule? Tukiuacha ufukweni wakaufungua kamba, tutamlilia nani? Ule mwembamba tutaubeba mabegani sisi wawili mpaka nyumbani, tuufunge uani pamoja na mbuzi. Aliutazama ule mpana kwa muda, akaupapasa ubavuni kama mtu anayeaga ng'ombe aliyeuzwa. "Basi, wewe ndiye mwenye akili ya mjini," akasema. Nilifurahi kushinda. Ningali nakumbuka furaha ile, ilivyokuwa ndogo na tamu.

Fundi Osmundi alikubali kwa sharti moja. Alileta madumu mawili ya njano, yale ya mafuta ya kula yaliyokuwa yameanza kuenea nchi nzima, matupu, akaziba vifuniko kwa mpira wa tairi, akayafunga moja kila ubavu nyuma ya mahali pa kukaa. "Huu mwembamba una mwendo na ni mwepesi, lakini unataka utulivu. Ukiinama huku mawazo yako kule, unakumwaga. Haya yanauzuia usilale, na ukilala, yanakuzuia wewe usizame. Si mapambo. Bila haya usiingie, hata maji yakiwa yametulia tuli." Akatufanya tuyarudie maneno yake kama watoto wa madrasa. Kisha akatupeleka kwenye maji ya kiunoni akampindua Sechelela makusudi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka akajifunza kulikumbatia dumu na kupiga miguu. Alikuwa akiibuka anatema maji, anacheka, anamtukana Fundi kwa Kigogo. Juu ya ukingo Neema alikuwa anapiga makofi kila mama yake anapozama.

Nyavu tulizinunua Dodoma. Sechelela alikuja mjini mara ile moja tu, akalala chumbani kwangu, akashangaa watu wanavyoweza kulala usingizi huku ukuta mmoja unaongea Kiswahili na mwingine unapiga redio. Tulizunguka maduka ya Majengo tangu asubuhi. Zamani wavu ulikuwa wa kuombea kibali. Sasa nyavu zilikuwa zimetundikwa mlangoni, nyuzi laini za nailoni kutoka nje, na ndoano katika pakiti za karatasi kuanzia ndogo za kushika vidagaa hadi kubwa za kambale. Muuzaji alituambia tuchukue wavu wenye matundu madogo, unakamata kila kitu, hamtarudi mikono mitupu. Sechelela akaingiza vidole kwenye tundu, viwili tu vikapita. Akaurudisha. Akajaribu mwingine, na mwingine, hadi akapata wavu uliopitisha vidole vinne. "Wadogo wapite," akasema, "hawa wakubwa wanatosha kutulisha." Tulinunua huo, kamba, na ndoano za kambale dazeni mbili. Maboya tuliyakata kwenye kandambili kuukuu. Vizamisho aliviumba mwenyewe kwa udongo wa mfinyanzi, akavichoma uani kama anavyochoma vyungu, na kila kimoja alikitoboa tundu kwa mwiba. Usiku ule kabla ya kulala aliniambia jambo ambalo nimelitunza: kwamba tangu azaliwe hajawahi kuchagua kitu dukani, alichukua kilichopo.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizuri na sitaki kuisahau kwa sababu ya mwisho wake. Alikuwa anaingia majini alfajiri, anautoa wavu alioutega jana yake, anautega upya, na saa nne amerudi, kwa sababu mchana pale Mtera upepo unavuma kutoka upande wa ukuta wa bwawa na maji yanabadilika tabia. Wavuvi waliacha kucheka walipoona samaki wake ni wakubwa kuliko wao. Mara tatu aliniingiza kwenye ule mtumbwi, nimebanwa mbele yake, nimeshika mbao kwa mikono yote miwili. Siku moja katikati ya maji aliacha kupiga kafi tukaelea. "Unajua tuko wapi?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Shamba letu la mtama liko hapa chini. Pale penye kile kisiki kilichotokeza ndipo baba alipokuwa anafungia ndama. Bwawa lilipojaa mimi nilikuwa msichana, tuliyaona maji yakija taratibu kila siku, mpaka siku moja yakaingia jikoni." Alichovya mkono akaupitisha juu ya maji. Hakulia. Alisema tu, "Naona nimerudi kulima kwetu." Kisha akapiga kafi.

Julai ikaingia, na pepo zake. Mimi nilikuwa nimeanzisha na biashara ya kukaanga pale kambini, kwa kuwa madereva wa malori walipenda samaki wa moto, na mafuta ya kula Mtera yalikuwa ya shida. Mjini yalikuwepo tele, ila muuzaji alitaka uje na chombo chako. Nilitafuta chombo pale nyumbani. Mama Sechelela, ambaye asubuhi ile alikuwa amekwenda kuteka maji pamoja na mtoto, alikuwa na vibuyu tu. Nikayatazama yale madumu. Nilimwambia Sechelela nayachukua siku mbili, naondoka leo na lori la asubuhi, keshokutwa niko hapa. Alisita, nililiona hilo na sitasema sikuliona. Aliutazama mtumbwi, akatazama anga. "Wavu uko majini," akasema. Nikamjibu siku mbili samaki hawaozi, na nikirudi tutakuwa na mafuta ya mwezi mzima. Akayafungua kamba mimi nikiwa nimesimama pale, akanisaidia kuutoa ule mpira wa tairi kwenye vifuniko, akayabeba mwenyewe hadi barabarani, moja kila mkono. "Chukua, dada Mwaju. Nitakungoja."

Na angeningoja. Ila mjini nilikuta harusi. Mtoto wa jirani yangu alikuwa anaolewa, nyumba nzima imejaa hina na vicheko, sufuria za pilau ziko uani, na wanawake wakanivuta mkono wakisema Mwajuma umekuwa mtu wa porini, kaa nasi. Nilikuwa nimechoka kunuka moshi. Niliyanunua mafuta siku ile ile ya kwanza, nikayajaza madumu, nikayasimamisha nyuma ya mlango wa chumba changu, nikaoga, nikavaa. Siku ya kuondoka ikapita. Nikajiambia kesho. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya harusi, nikajiambia keshokutwa. Niliimba sana siku hizo, mpaka sauti ikakauka.

Habari nilizipata sokoni asubuhi ya siku ya tano, kwa dereva wa lori aliyenifahamu. Aliniita pembeni, akavua kofia. Alisema mwenzangu alikuwa ameingia majini jana yake asubuhi kuutoa wavu, kwa sababu samaki walikuwa wameanza kuharibika na harufu imefika ufukweni. Wavu ulikuwa mzito, akachelewa, upepo ukamkuta katikati. Watu waliokuwa nchi kavu waliuona mtumbwi ukigeuka. Walimwona akiushika mara mbili, ukimponyoka. Walipofika hawakumkuta. Nilipita chumbani kuchukua kanga, na pale nyuma ya mlango madumu mawili ya njano yalikuwa yamesimama, yamejaa. Nikafunga mlango, nikaenda mikono mitupu.

Nilifika wakati wanaume wanamtoa kwenye matete. Ni wale wale waliokuwa wakimcheka. Walikuwa wametafuta usiku kucha na wengine walikuwa wanalia bila kujificha. Mama Sechelela alikuwa amekaa chini kwenye tope, miguu ameinyoosha, Neema amelala mapajani mwake. Fundi Osmundi alitoka majini, nguo zimemganda mwilini, akaja moja kwa moja kwangu. "Mwajuma, madumu yako wapi?" Watu wote wakanigeukia. Mama Sechelela naye akainua uso. "Aliyafungua mwenyewe," nikasema. "Alisema yanamzuia kuvuta wavu." Sijui maneno yale nilikuwa nimeyaweka wapi, yalitoka yamekamilika kabisa, bila kigugumizi. Na nusu yake ilikuwa kweli, ni mikono yake iliyofungua kamba, na hiyo nusu ndiyo niliyoishikilia miaka yote. Osmundi alinitazama kidogo. "Nilimwambia," akasema, kisha akageuka akaenda kukaa peke yake.

Tulimzika kesho yake, kwa nyimbo za kanisani kwao, mahali pa juu pasipofikiwa na maji. Mchana Osmundi akaingia kwenye ule mtumbwi mwembamba akautoa wavu aliouacha marehemu, na kati ya samaki waliooza walikuwamo walioingia usiku ule, wazima, wanarukaruka. Hakuna aliyetaka kuwagusa. Mama Sechelela ndiye aliyesema, "Wapikeni. Watu wametoka mbali wana njaa, na hii ni kazi ya mwanangu." Wakapikwa. Nilimweka Neema kwenye paja nikamtolea miiba, naye akala akaomba tena. Kisha nikamsikia Mama Sechelela akimwambia shemeji yake, kwa sauti ya chini lakini mimi nikiwa pale, "Angekuwa na akili angemkumbuka huyu. Mzembe. Mwanangu alikuwa mzembe." Nilikuwa na kipande cha samaki mkononi. Ilikuwa nafasi yangu, na nilimeza.

Niliondoka baada ya siku saba. Mwezi uliofuata nilituma nguo za mtoto kwa dereva, na mwezi mwingine sare ya shule, halafu nikaacha, kwa sababu kila nilipotuma nilirudishiwa salamu na shukrani, na shukrani zile sikuweza kuzibeba. Nikaacha samaki, nikahamia kwenye mitumba. Nikaolewa tena, nikazaa, nikajenga vyumba vya kupangisha. Yale mafuta niliyatumia. Inanibidi niliandike na hilo: niliyapikia, mpaka yakaisha.

Jumamosi ya pili Neema alikuja kama tulivyoagana. Nilikuwa nimefunga mlango wajukuu wasiingie. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, kuanzia michoro ya mchangani hadi maneno niliyomjibu Fundi. Alisikiliza ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Nilipomaliza nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Aliuliza tu, "Ilikuwa harusi ya nani?" Nikamtajia. "Yupo?" Nikasema yupo, ana wajukuu. Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo alikungoja," akasema. "Alikungoja siku mbili mlizokubaliana, ndipo akaingia." Nikasema ndiyo. Akakiweka kikombe chini. "Kesho nitakodi gari. Utaniambia njiani kama kuna lingine. Bibi ana miaka karibu tisini, mama mkubwa. Sitaki afe akiwa amemkasirikia mama."

Barabara siku hizi ni lami, tulifika kabla jua halijawa kali. Tembe halipo, pana nyumba ya matofali na bati. Mama Sechelela alikuwa amekaa kwenye kiti kizingitini, anamenya karanga kwa kupapasa, macho yameshaacha kuona. Nilipomsalimu akasema, "Hii sauti ni ya yule wa mlenda," akatabasamu, na tabasamu lile nusura linirudishe garini. Nilipiga magoti nikamshika mkono. Nilimwambia kwamba madumu niliyachukua mimi, kwa ajili ya mafuta. Kwamba niliahidi siku mbili nikakaa nne. Kwamba mwanawe alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote, na aliingia bila madumu kwa sababu mimi nilikuwa harusini nacheza. Kwamba nilisema uongo mbele yake, siku ile, kwenye tope.

Mkono wake wa pili uliacha karanga. Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Kikongwe yule alitembeza midomo, akasema kwa Kigogo jina la mwanawe, mara mbili, kama mtu anayemwita mtoto aliyeko uani. Kisha akanigeuzia uso. "Miaka yote hii," akasema, "nimepita kwenye kaburi lake bila kumsalimu." Hakuutoa mkono wake kwenye wangu, wala hakunibana. Aliinua kidevu kuelekea nyuma ya nyumba, kulikosikika watu wakipura uwele: wanawe wa kiume, wake zao, majirani, watu waliokua na hadithi ya mwanamke mzembe.

"Simama," akaniambia. "Wale hawajakusikia. Sema tena, kwa sauti."

Nikasimama, nikasema tena.